Mama Venant Aliyekataa Kufuzu

Wapo watu wanaoshindwa mtihani kwa uvivu, na wapo wanaoshindwa kwa sababu vichwa vyao ni vizito, Mungu awasaidie. Bernadetta, mama Venant, alishindwa kwa bidii. Alijitahidi kabisa kushindwa. Alishindwa Jumamosi hii na Jumamosi ile, mwaka ukazunguka yeye bado yuko kwenye ba, be, bi, na mwalimu wake, binti wa kidato cha tano, anatokwa jasho utafikiri mtihani ni wake yeye. Lakini usikimbilie kusema mama yule alikuwa mjinga. Mjinga ni wewe usiyesubiri kusikia.

Alikuwa Mhaya wa Kanyigo. Aliletwa huku Usukumani kwa meli, miaka ya vita vya Hitla, na mume aliyeitwa Chenge, fundi seremala aliyekuwa amekwenda Bukoba kutengeneza madawati ya misheni. Chenge aliondoka Mwanza na randa na misumeno, akarudi na mke. Vifaa alikuwa ameviacha kwa wakwe, vikahesabiwa katika mahari. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka, naye akaazima msumeno na kuanza upya. Ndivyo alivyokuwa Chenge. Maneno machache, lakini Kihaya alikuwa amejifunza, na wakiwa wawili tu ndani ya nyumba walizungumza Kihaya. Alipomzika, mama Venant aligundua kwamba amezika pia mtu pekee aliyekuwa akimjibu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kisukuma alikijua, usidhani. Alikijua chote, hata matusi. Ila kila alipofungua mdomo watu walitabasamu kwa lafudhi yake, na watoto walimwigiza njiani.

Mtoto alikuwa naye mmoja, Venant, makenika huko Tabora. Alikuja Krismasi, na si kila Krismasi.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Nyumba za zamani zikaachwa pale zilipokuwa, watu wakapangwa kwa mistari kandokando ya barabara, upande mmoja mashamba ya pamba, upande wa pili ziwa. Walioleta mpango walisema upweke umekwisha, sasa kila mtu ana jirani. Ni kweli, majirani walikuwapo. Ungeweza kumsikia mwenzako akipiga chafya. Lakini ndugu za Chenge walipelekwa kijiji kingine, na mama Venant akajikuta katikati ya watu waliotoka huku na huku, kila mtu na hasira yake ya kuacha mji wake na makaburi yake. Nyumba iliyopakana naye ilikuwa ya mjane mwingine, Mhoja, mwanamke mrefu aliyetoka upande wa Magu. Kati yao palikuwa na ua wa minyaa. Asubuhi mmoja alisema, "Mwangaluka," mwingine akaitikia, basi, mambo yameishia hapo mpaka kesho. Hawakugombana. Hawakuwa na sababu ya kukanyaga ua wa mwenzake, ndiyo maana hawakukanyaga. Katika kijiji kile kipya mtu alikwenda kwa mtu kwa msiba, kwa ugonjwa au kuomba moto. Ukimwona mtu anakuja mikono mitupu, ulijiuliza anataka nini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi kisomo kilipofika. Serikali ilikuwa imesema kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, na walimu hawakutosha. Sekondari moja ya bweni ya wasichana kule mjini ikaamua wanafunzi wake wasikae Jumamosi nzima wakisukana nywele. Wengine waliingizwa kwenye mdahalo, wengine kwaya na ngoma, wengine mradi wa kuku. Waliobaki walipakiwa kwenye lori la shule wakapelekwa vijijini kufundisha kisomo. Mwalimu Ishengoma, aliyesimamia kazi hizo za kujitegemea, alikuwa mtu mkali wa kunyoosha kidole. Aliwaambia, "Mnakula jasho la wananchi. Nendeni mkalilipe."

Kokushubira, mmoja wa wasichana hao, wa kidato cha tano, hakutaka kulipa jasho la mtu. Alitaka mdahalo. Alikuwa na mdomo, binti yule, tena alijua ana mdomo, na siku ya kwanza alishuka kwenye lori amenuna, kitabu kwapani, ubao mdogo mkononi. Wanakijiji waliokuwa hawajui kusoma waliketi kwenye magogo nje ya ofisi ya tawi la chama. Akawaamkia wote, "Shikamooni," wakaitikia. Mama mmoja wa nyuma aliitikia "Marahaba" kwa namna ambayo ilimfanya Kokushubira ainue kichwa. Akamkazia macho.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapana, mama. Wa wapi hasa?"

Mama Venant akamjibu kwa Kihaya, lugha ya nyumbani kwa binti mwenyewe. Jamani, mtoto yule alicheka huku machozi yanamtoka, mbele ya watu wazima wote, ubao ukamwanguka. Tangu siku hiyo hakununa tena.

Darasa lilianza na watu wengi, likapungua kama madarasa yote ya watu wazima yanavyopungua. Wengine walifuzu mapema, wengine waliona pamba haisubiri mtu. Waliobaki waligawanywa, kila mwanafunzi akapewa mtu wake wa kumfundisha nyumbani. Mhoja alipewa msichana anayeitwa Getruda. Mama Venant, na hapa hakuna aliyeuliza, alipewa Kokushubira.

Sasa Jumamosi zikawa Jumamosi. Binti alifika jua likiwa limeanza kuchoma, wakasoma kitabu cha kilimo cha pamba, na kikishafungwa ndipo siku ilipoanza hasa. Walimenya mihogo. Walikwenda pamoja ziwani kuteka maji. Kokushubira akitoka likizo alileta kahawa za kutafuna alizofungiwa na mama yake kwenye jani la mgomba, nao wakaketi kizingitini wakitafuna kama watu wenye heshima zao, wakisema habari za nyumbani: nani ameoa, nani amefukuzwa, shamba la migomba la nani limevamiwa na wadudu. Mama Venant hakuwajua nusu ya watu hao. Aliulizia habari zao wote. Lori likipiga honi jioni, alikuwa amepoteza sauti kwa kuongea, na alikaa kimya mpaka Jumamosi nyingine, sauti ikapata muda wa kupona.

Kusoma alijua mapema sana. Alikuwa amekwenda kwenye ghala la pamba, akasimama kungoja mizani, na ukutani palikuwa na maandishi makubwa yaliyofifia. Alikuwa ameyaona miaka yote kama mtu anavyoona uchafu wa ukuta. Siku hiyo mdomo wake ulifunguka wenyewe, akasema kwa nguvu, "Usivute sigara!" Kijana aliyekuwa mbele yake akaitupa sigara chini haraka, akasema, "Samahani mama, sikujua unaudhika." Mama Venant hakumsikia hata. Alikuwa anaangalia ukuta. Akausoma tena, na tena, akarudi nyumbani anaimba, na wiki nzima alikuwa na hamu ya Jumamosi ifike amwambie Kokushubira.

Lakini wiki hiyohiyo Mhoja alifuzu. Alipewa cheti chenye muhuri, akakitundika ukutani juu ya mtungi, na watu walipiga vigelegele. Jumamosi ilipofika, lori likasimama, wasichana wakashuka, kila mmoja akaenda kwa mtu wake. Getruda alipelekwa mtaa wa pili, kwa mzee mwingine asiyejua kusoma. Mama Venant alichungulia kupitia minyaa. Mhoja alikuwa amechemsha michembe, vile viazi vitamu vikavu, ameiweka kwenye sahani na kuifunika. Alikaa pale nje na sahani yake akitazama barabara. Pengine alikuwa amesahau kwamba amefuzu, pengine hakuamini kwamba kufuzu ndiyo hivyo. Jua lilipopanda aliinuka akaila mwenyewe.

Kokushubira akaingia, akaketi, akafungua kitabu. Akaonyesha neno kwa kidole. Lilikuwa neno "pamba", limeandikwa vizuri, na picha ya pamba juu yake.

Mama Venant akalitazama. "Ma," akasema. "Ma... mba?"

Ndivyo alivyoanza, na ukishaanza uongo wa namna hiyo unajitoaje? Kokushubira alijaribu kila njia. Alichora herufi mchangani. Alizitungia wimbo. Alizipanga kwa maharage. Mama Venant aliyatazama maharage yale kwa huzuni ya kweli, maana yaliandika jina lake waziwazi, akasema huyo si nyoka? Loh! Akitoka mtoto, alipiga magoti akaomba msamaha kwa Mungu, na Jumamosi ikifika akarudia palepale. Alijua ni dhambi. Alijua pia kwamba akisema kweli mara moja tu, lori litamleta Kokushubira mpaka kijijini na miguu yake itampeleka nyumba nyingine. Akachagua dhambi.

Mwaka wa sabini na saba, Kokushubira akiwa sasa kidato cha sita, alikuja Jumamosi moja macho yamevimba. Hakufungua kitabu.

"Mama, watu wa kisomo wanakuja kupima kijiji kizima," alisema. "Mwalimu Ishengoma amesoma majina yetu mbele ya shule. Wenzangu wote watu wao wamefuzu. Wewe ndiye umebaki. Amesema nimekuwa ninakuja huku kupiga soga."

Sasa mtu angesema nini? Soga zilipigwa.

"Siku hizi huendi chuo kikuu kwa alama tu. Shule inaandika ulivyojituma kwa wananchi, na chama kinasema neno lake. Amesema ukishindwa safari hii ataandika kwamba sikujituma. Mama, mimi nataka kuwa daktari. Nimefanya nini kibaya? Nimekufundisha vibaya?" Na yule binti mwenye mdomo, aliyewatetemesha wenzake kwa maneno, alilala kwenye mapaja ya mama Venant akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Hukunifundisha vibaya," mama Venant alisema. "Nyamaza. Nitafuzu."

Alisema kwa sauti ambayo Kokushubira hakuielewa. Siku zilizofuata alipalilia mihogo peke yake. Haikuwa kwamba anajiuliza afanye nini. Hilo alilijua pale pale, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani. Alichokuwa akifanya shambani ni kuzoea.

Siku ya kupimwa, kijiji kilikusanyika nje ya ofisi ya tawi. Alikuja bwana mmoja wa elimu ya watu wazima aitwaye Nkwabi, mwenye miwani na sauti ya upole, na Mwalimu Ishengoma akaja pamoja na wasichana wake. Mtu aliitwa, akapewa karatasi, akasoma taratibu kwa kusukuma maneno kama anasukuma mkokoteni kwenye mchanga, watu wakampigia makofi. Mhoja alikuwapo, amekaa mbele na kanga mpya, kama mtu aliyekwisha vuka.

Mama Venant aliitwa. Alikuwa amepanga kusoma kidogo tu, kiasi cha kufuzu. Lakini hapo ndipo alipokosea, maana kuna jambo hakuwahi kulifanyia mazoezi. Kushindwa kabisa alikujua vizuri. Kusoma kabisa alikujua pia. Kile cha katikati, kile cha mtu anayeanza kujua, alikuwa hajawahi kukiishi mbele ya mtu. Alifungua mdomo, na maneno yakatoka yote, mbolea, samadi, palizi ya kwanza na ya pili, bila kusimama, na penye mkato akapumzika kama padri. Alipomaliza hapakuwa na makofi. Watu walikuwa wameduwaa.

Bwana Nkwabi alivua miwani. Akampa gazeti kutoka mfukoni mwake. Mama Venant alipaswa kukwama, naye alijua, lakini mtu akiulizwa kitu anachokijua mbele ya watu, naye amechekwa miaka thelathini, kukwama ni kazi ngumu. Akasoma gazeti.

"Mama," Bwana Nkwabi alisema polepole, "wewe umesoma kwa wamisionari."

"Hapana, baba."

"Hakuna mtu aliyekuwa kwenye ba, be, bi juzi akasoma hivi leo." Akamgeukia Kokushubira, na upole ukawa umekwisha. "Binti, tumeona haya mwaka huu. Watu wanaleta waliokwisha soma wapimwe kama wasiojua, idadi ionekane kubwa. Sikutegemea kwa mwanafunzi wa sekondari. Huu ni udanganyifu, na nitaandika udanganyifu."

Mwalimu Ishengoma alimtazama Kokushubira, akatikisa kichwa. Kokushubira aligeuka akamtazama mama Venant kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mama Venant alisimama. Akakaza kanga yake.

"Usimwandike mtoto," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Amenifundisha yeye. Nilijua kusoma tangu mwaka jana. Nilikuwa namdanganya."

"Kwa nini umdanganye?" Bwana Nkwabi aliuliza. "Kisomo ni chako mwenyewe. Ulikuwa unapata faida gani?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko hicho, badala ya kumfunga mdomo, ndicho kilichomsukuma mama Venant. "Akishajua kwamba nimejua, haji tena. Na asipokuja yeye, hakuna mtu anayekuja kwangu. Nakaa. Asubuhi nasema mwangaluka, kisha sisemi kitu mpaka kesho yake. Mniwie radhi. Nilikuwa mpweke."

Aliyekuwa anacheka aliacha. Si kwamba aliona haya. Hakujua tu acheke wapi. Watu walitazama miguu yao, maana aliyoyasema hayakuwa maneno ya mkutano, na hakuna aliyejua yanajibiwaje. Bwana Nkwabi alivaa miwani yake. Akatafuta mahali pa kuandika jambo kama hilo, hakupaona, akaandika kwamba mama Venant amefuzu, na kwamba mwanafunzi Kokushubira ameifanya kazi yake. Kisha akamwita mtu mwingine.

Kokushubira alimsindikiza nyumbani. Walipofika uani alisimama, akasema kwa Kihaya, kwa hasira ya mtu aliyeumizwa na mtu anayempenda, "Mbona hukuniambia? Mwaka mzima nimelia bwenini nikijiona sifai. Ungeniambia tu, mama. Ningekuja hata kama umefuzu. Unanionaje mimi?"

Mama Venant hakutaka kumuumiza. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Mhoja alifuzu mwaka jana," alisema. "Yuko hapo, nyuma ya minyaa. Umewahi kumwona mtu wenu akienda kwa Mhoja?"

Kokushubira alitazama minyaa. Akafungua mdomo. Alikuwa mkweli, binti yule, tuseme haki, kwa hiyo akaufunga. Lori likapiga honi. Alimkumbatia mama Venant kwa nguvu, akasema atakuja, naye mama Venant akasema ndiyo, njoo. Baada ya mitihani yake aliitwa JKT, na baadaye, walisema watu, akaenda Dar es Salaam kusomea udaktari. Ilikuwa haki yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya kupimwa kule lori lilipita bila kusimama, wasichana wakiimba, linaelekea vijiji vya mbele. Mama Venant aliketi uani mpaka wimbo ukapotea. Aliingia ndani, akatoka. Alifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Kisha, na yeye mwenyewe hakujua ni lini alikata shauri, akazunguka ule ua wa minyaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wahamishiwe pale, akasimama mbele ya mlango wa jirani yake.

"Hodi."

Mhoja alitoka haraka, mikono ina unga, uso umebadilika. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mhoja akaangalia nyuma ya mgeni wake, kama pengine kuna mwingine aliyemtuma. "Sasa kuna nini?"

"Hakuna," mama Venant alisema. "Nimekuja tu."

Mhoja alisimama mlangoni na mikono yake yenye unga, akamtazama, asijue la kufanya na mtu aliyekuja tu.